Printa ya tiketi ikigoma: dalili, chanzo na marekebisho

Printa za joto, zile zinazotoa tiketi za basi, boti na maegesho au risiti za dukani, hazina wino wala utepe. Kemikali iko kwenye karatasi yenyewe, na hugeuka nyeusi ikipata joto. Kichwa cha kuchapia ni ukanda mwembamba wenye nukta ndogo zinazopata moto na kupoa haraka sana karatasi inapopita. Printa nyingi zina nukta 8 kwa kila milimita: ya karatasi ya milimita 58 ina nukta 384 kwa upana, ya milimita 80 ina 576. Kwa hiyo chochote kinachozuia joto lisifike kwenye karatasi vizuri, iwe vumbi, umeme hafifu au karatasi mbovu, utakiona kwenye maandishi.

Maelezo haya yanahusu printa za mezani za milimita 58 na 80, pamoja na zile ndogo za mkononi zinazounganishwa na simu kwa Bluetooth. Mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, ina printa ya aina hiyohiyo ndani yake, lakini usifungue hata skrubu moja kabla hujasoma sehemu yake huku mwisho.

JARIBIO LA KWANZA KABISA

Usianze kwa kufuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Kwanza jua kama ugonjwa uko kwenye printa au kwenye kinachoitumia. Zima printa, bonyeza kitufe cha FEED, washa huku umekishikilia, kisha achia karatasi inapoanza kutoka. Itachapa kipande chenye toleo la programu yake, kasi ya mawasiliano, anwani ya IP kama ni ya mtandao, na mistari ya herufi. Baadhi ya printa za mkononi zina kitufe kimoja tu au hutaka ubonyeze viwili pamoja. Utaratibu huwa kwenye kijitabu chake.

Kipande kikitoka safi, printa ni nzima: tafuta tatizo kwenye waya, mipangilio, simu au kompyuta. Kikitoka kibaya au kisipotoka kabisa, iache kompyuta, hakuna draiva itakayoponya hilo. Kihifadhi kipande hicho ndani ya bahasha, siyo juani, kwa sababu utakihitaji tena.

KARATASI INATOKA TUPU

Mara nyingi roli imewekwa kichwa chini. Upande mmoja tu wa karatasi ndio wenye kemikali. Kwaruza kwa ukucha pande zote mbili kwa nguvu kidogo: upande unaoacha mstari mweusi ndio unaopaswa kutazama kichwa. Usitegemee macho, na usidhani roli zote zimesokotwa namna moja. Nyingi zina kemikali upande wa nje, lakini zipo zilizosokotwa kinyume.

Kama hakuna upande unaoacha alama, hiyo si karatasi ya joto. Roli za karatasi ya kawaida, zilizotengenezwa kwa printa za utepe, zina upana unaokaribiana na hizi na huuzwa maduka yaleyale, hivyo ni rahisi kuzichanganya.

Karatasi ikiwa sahihi na bado inatoka tupu, hakikisha kifuniko kimefunga pande zote mbili. Kifuniko kilichoshika upande mmoja kinaweza kuidanganya sensa kwamba kimefungwa, lakini rola, ule mpira wa mviringo unaosukuma karatasi, haikandamizi karatasi kwenye kichwa. Baada ya hapo zinabaki sababu mbili: waya bapa unaopeleka umeme kwenye kichwa umechomoka au umekatika, au kichwa kimekufa. Zote ni kazi ya fundi. Waya bapa huo ukirudishwa kimshazari huku printa ina umeme, unaweza kuunguza kichwa na bodi kwa pamoja.

MAANDISHI HAFIFU

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo linalowafanya watu wanunue printa mpya bila sababu. Fuata mpangilio huu.

Karatasi. Weka roli nyingine ya chapa tofauti kisha rudia jaribio la ndani, lile la kitufe cha FEED. Roli iliyokaa muda mrefu dukani, hasa kwenye rafu inayopigwa na jua, hupoteza nguvu. Karatasi ya bei ya chini huwa na tabaka jembamba la kemikali, na unga wake huganda kwenye kichwa. Kama roli mpya inatoa maandishi meusi, kazi imekwisha.

Uchafu. Vumbi la stendi, unga wa karatasi na gundi ya mwisho wa roli hujenga ngozi juu ya ukanda wa kichwa. Safisha hivi:

1. Zima, chomoa umeme au betri, fungua kifuniko, usubiri dakika 5 hadi 10. Kichwa kilichotoka kuchapa foleni ndefu kinaweza kukuunguza, na alkoholi inashika moto.
2. Toa roli. Ondoa vumbi kwa brashi laini kavu au kipulizio cha mkono. Usipulize kwa mdomo; mate yana maji na chumvi.
3. Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mafundi simu huiita IPA na huitumia kusafishia bodi, kwa hiyo ulizia kwenye maduka ya vifaa vyao.
4. Futa ule ukanda mwembamba mweusi au wa kahawia kwenda upande mmoja, bila kukandamiza. Badilisha kijiti hadi kitoke bila uchafu.
5. Futa rola ya mpira kwa kitambaa kisichotoa manyoya, ukiizungusha kidogo kidogo kwa kidole mpaka umeimaliza mduara mzima.
6. Acha wazi dakika chache ikauke kabisa ndipo uwashe.

Usiguse ukanda huo kwa kidole hata kama umenawa, kwa sababu chumvi na mafuta ya ngozi huula taratibu. Wembe, bisibisi na msasa havina nafasi hapa: tabaka la kinga juu ya nukta ni jembamba mno, na mkwaruzo mmoja hubaki kuwa mstari mweupe wa kudumu. Kuhusu kimiminika, spiriti ya rangi huacha mabaki, spiriti ya vidonda ya duka la dawa mara nyingi imechanganywa na mafuta, na jeli ya kutakasa mikono ina glisirini inayobaki kama utando. Petroli, thina na asetoni huharibu plastiki na mpira. Ukikosa isopropili, afadhali ufute kwa kitambaa kikavu cha miwani kuliko kutumia hivyo.

Umeme. Printa ya mezani ya milimita 80 kwa kawaida hutaka volti 24 na ampea 2 hadi 2.5; nyingi za milimita 58 hutaka volti 12 au pungufu. Soma kibandiko chini ya printa, kisha soma neno OUTPUT kwenye adapta. Adapta ya kompyuta mpakato ya volti 19 ikiingia kwenye printa ya volti 24 inaweza kuwasha taa zote, na maandishi yakatoka ya kijivu. Kinyume chake ni hatari: volti 24 kwenye printa ya volti 12 inaweza kuua bodi papo hapo. Kwa printa za mkononi, ambazo nyingi hutumia betri ya volti 7.4, chaji ijae kabisa kabla ya kulaumu kitu kingine. Betri ikijaa kwa nusu saa na kuisha kwa tiketi kumi, imechoka. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuirudisha kwenye chaji. Itoe, iweke mbali na vitu vinavyoungua, na uipeleke kwa fundi.

Ukolezo. Printa nyingi zina kipimo cha weusi wa maandishi kwenye programu yake ya mipangilio au kwenye swichi ndogo zilizo chini. Hili ni la mwisho kwa makusudi. Ukipandisha ukolezo ili kufidia kichwa kichafu, unakilazimisha kifanye kazi kwa moto mkali chini ya uchafu uleule, na unakipunguzia umri. Panda hatua moja tu kwa wakati, kwenye kichwa kilichokwisha kusafishwa.

Upande mmoja mweusi na mwingine hafifu ni habari tofauti kidogo: hapo fikiria mkandamizo. Funga kifuniko kwa kubonyeza katikati, siyo pembeni. Angalia kama rola imelika upande mmoja au imeng'aa na kuwa ngumu kama plastiki. Mpira mzima huwa na ulaini na haung'ai. Printa ya milimita 80 iliyotumia karatasi ya milimita 58 kwa muda mrefu hulika sehemu tu ya rola, na kisu nacho hulika sehemu tu. Ukirudisha karatasi pana, chapa haitakuwa sawa. Chagua upana mmoja ubaki nao.

MSTARI MWEUPE KUTOKA JUU HADI CHINI

Safisha kichwa kama ilivyoelezwa, mara mbili, halafu toa jaribio la ndani. Mstari ukiondoka au ukisogea, ulikuwa uchafu. Ukibaki palepale, sawia na wembamba wa nukta moja au mbili, nukta hizo zimekufa, na hakuna kusafisha kutakakozifufua.

Nukta moja iliyokufa pembeni unaweza kuishi nayo. Ikiwa katikati, itapita kwenye tarakimu, na hapo 8 inaweza kusomeka kama 3 au namba ya kiti ikakosewa. Kabla ya kununua kichwa, kama programu yako inaruhusu, sogeza maandishi milimita chache kulia au kushoto ili nukta mbovu iangukie nafasi tupu. Ni suluhisho la kweli linaloweza kukufikisha mbali. Kubadilisha kichwa cha printa nzuri ya milimita 80 kuna maana; kwa zile ndogo za bei ya chini, kichwa na rola huja kama kipande kimoja, na mara nyingi gharama yake pamoja na ufundi inakaribia printa mpya. Ulizia bei zote mbili kabla ya kuamua.

Mstari mweusi wa kudumu, si mweupe, maana yake nukta imebaki imewaka au bodi ina hitilafu. Zima na uache kuitumia, kwa sababu nukta hiyo inazidi kupata moto.

INAJIZIMA AU INAANZA UPYA KATIKATI YA TIKETI

Tazama inazimikia wapi. Ikizimika kila inapofika kwenye nembo ya kampuni au utepe mweusi wa kichwa cha tiketi, umeme hautoshi. Sehemu nyeusi nzima huwasha nukta nyingi kwa wakati mmoja na kuvuta ampea nyingi. Maandishi ya kawaida huvuta kidogo. Pima adapta kwa mita ya volti: ya volti 24 isome karibu na 24 ikiwa haina mzigo. Lakini adapta iliyochoka inaweza kusoma vizuri bila mzigo na kuanguka ikibebeshwa, hivyo kipimo cha uhakika ni kuazima adapta nyingine ya aina ileile. Wakati unatafuta adapta, tumia nembo ya mistari badala ya iliyojaa weusi. Printa itamaliza tiketi.

Ikizimika popote bila mpangilio, tikisa plagi inapoingia. Soketi ya nyuma hulegea kwa kuvutwavutwa. Ikisimama tu bila kuzimika baada ya foleni ndefu, kichwa kimepata moto kupita kiasi na printa inajilinda. Fungua kifuniko, subiri dakika kadhaa, iendelee. Isikae juu ya printa nyingine, juu ya modemu, wala kwenye dashibodi ya gari.

KARATASI IMEKWAMA, KISU HAKIRUDI

Usiivute karatasi kutoka mbele huku kifuniko kimefungwa. Meno ya giya ni ya plastiki.

Zima, fungua kifuniko, kata karatasi kwa mkasi nyuma ya sehemu iliyokwama, toa vipande vyote, hata kile kidogo kama ukucha. Kifuniko kikikataa kufunguka, kisu kimebaki nje na kinakizuia. Kulazimisha ndiko kunakovunja kisu. Zima na washa kwanza. Printa nyingi hurudisha kisu zenyewe zinapowaka. Kikigoma, tafuta gurudumu dogo la kuzungushwa kwa kidole, ambalo kwa kawaida liko chini ya kifuniko kidogo cha mbele au pembeni. Zungusha huku printa imechomolewa umeme hadi kisu kiingie ndani. Baadhi zina alama ya pembetatu inayoonekana kwenye kidirisha kisu kikifika mahali pake. Usiingize vidole kwenye njia ya kisu hata printa ikiwa imezimwa.

Ikikwama tena na tena, sababu za kawaida ni roli nene kuliko nafasi yake, unyevu, na gundi ya mwisho wa roli. Printa ndogo za mkononi nyingi huchukua roli ya kipenyo cha milimita 40, zile zinazoandikwa 57×40. Za mezani huchukua 80×80. Ukibana roli kubwa, mota husikika ikigonga tiktik na karatasi haiendi. Pwani, karatasi iliyoachwa wazi wakati wa mvua huvuta unyevu, ikajikunja na kunata kwenye kisu. Na ule mstari mwekundu unaotokea roli ikikaribia kuisha uko pale ili ubadilishe. Usingoje mpaka sentimita za mwisho zivutwe na gundi yake zipite juu ya kichwa.

INASEMA HAKUNA KARATASI WAKATI IPO

Sensa ya karatasi ni jicho dogo la mwanga usioonekana, linalotuma mwanga na kusubiri urudi kutoka kwenye karatasi. Vumbi likilifunika, haioni kitu. Lisafishe kwa brashi kavu au kijiti cha pamba chenye isopropili kidogo. Jua kali likiingia ndani ya printa nalo huweza kuichanganya sensa. Izungushe upande mwingine ujaribu.

Taa ya ERROR inayowaka bila kupepesa pamoja na taa ya PAPER, kwa printa nyingi, ni karatasi au kifuniko. Inayopepesa huashiria kisu, moto wa kichwa au volti zisizo sawa, na idadi ya mipepeso hutofautiana kwa kila chapa, kwa hiyo hapo lazima ufungue kijitabu.

TIKETI INAKATWA MAHALI SIPO

Kwa tiketi zilizokwisha kuchapwa nembo kiwandani, nyuma huwa na alama nyeusi ambayo sensa huitumia kujua mwanzo wa tiketi. Zikianza kukatwa katikati, kwanza hakikisha alama iko upande ambao sensa ipo, kisha rudia usomaji wa alama, ambao kwa kawaida ni FEED kushikiliwa wakati wa kuwasha huku mipangilio ya alama nyeusi imewashwa. Roli isiyo na alama kwenye printa iliyopangiwa alama itatoa karatasi ndefu tupu ikitafuta kisichokuwepo. Na kama tiketi haina alama lakini mwisho wake unakatwa maneno, ongeza mistari mitatu au minne mitupu kabla ya amri ya kukata. Kisu kiko mbele ya kichwa, hivyo mstari wa mwisho huwa bado haujakifikia.

Maandishi yanayokatika upande wa kulia ni upana tu: programu inatuma tiketi ya milimita 80 kwa printa ya 58. Badilisha ukubwa wa karatasi kwenye mipangilio. Kwa herufi za kawaida, milimita 58 inabeba herufi 32 kwa mstari.

HERUFI ZA AJABU

Tiketi nzima ikiwa alama zisizosomeka, huenda draiva ni ya lugha nyingine. Printa nyingi za risiti huelewa lugha ya ESC/POS iliyoanzia kwa Epson. Za vibandiko huelewa lugha zao. Kama unatumia waya wa zamani wa serial, ule wa pini 9, kasi ya printa na ya kompyuta lazima zilingane: 9600 kwa 9600, 115200 kwa 115200. Namba ya printa iko kwenye kile kipande cha jaribio. Alama za ajabu zinazotokea mara moja moja, katikati ya tiketi nzuri, huashiria waya mbovu au mrefu kupita kiasi.

Kuna ajabu moja inayotusumbua sisi zaidi ya wengine. Tiketi ya Murang'a inatoka MurangΓÇÖa, au MurangÆa. Printa haijaharibika. Simu au kompyuta imebadilisha ile alama ya juu ya ng' kuwa ile iliyopinda, na jedwali la herufi la printa, ambalo kwa kawaida huanza na lile la PC437, halina hiyo. Inachapa baiti zake moja moja kama herufi nyingine. Ingia kwenye orodha ya vituo na majina ndani ya programu, ufute alama iliyopinda, uandike iliyonyooka. Fanya hivyo kwa Ng'ambo, Nyang'hwale na wengineo wote kwa mpigo mmoja. Kwenye simu, zima pia ule urekebishaji wa kujiendesha wa alama za nukuu, la sivyo itarudi.

JARIBIO NI ZURI LAKINI HAIPOKEI TIKETI

USB. Jaribu waya mwingine na tundu lingine la kompyuta moja kwa moja, bila kupitia kigawanyo cha USB (hub). Ukihamisha tundu, Windows inaweza kuunda printa ya pili yenye jina lilelile na neno Copy, huku programu ya tiketi ikiendelea kutuma kwa ile ya zamani. Fungua orodha ya printa, weka ile iliyo hai iwe ya msingi, ondoa tiki ya Use Printer Offline kama ipo. Kazi iliyokwama kwenye foleni na kukataa kufutika huondoka ukianzisha upya huduma ya Print Spooler.

Mtandao. Linganisha anwani ya IP kwenye kipande cha jaribio na ile iliyoandikwa kwenye programu. Zikitofautiana, ruta imeipa printa anwani mpya baada ya umeme kukatika. Ipe anwani ya kudumu kwenye ruta ili isijirudie. Namba ya bandari (port) ya mtandao inayotumika kwa printa nyingi ni 9100.

Jihadhari na tundu la droo ya pesa. Linafanana na la waya wa simu ya mezani, lakini linatoa volti 24 kwenye printa nyingi za milimita 80. Usichomeke waya wa simu wala wa mtandao humo.

Bluetooth. Printa nyingi ndogo hukubali simu moja tu kwa wakati. Kama simu ya mwenzako kwenye foleni ya abiria bado imeishika, yako itaambiwa haipatikani. Zima Bluetooth ya simu zote zilizowahi kuunganishwa, zima na washa printa, kisha jaribu. Isipokubali, ifute kwenye orodha ya simu, uiunganishe upya kwa namba ya siri 0000 au 1234. Programu isipoiona kabisa, angalia ruhusa: Android 12 na kuendelea huomba ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, matoleo ya kabla yake, kuanzia 6, huomba mahali. Kwa iPhone, nunua printa iliyoandikwa wazi kwamba inafanya kazi na iOS. Nyingi za bei ya chini hazifanyi.

QR HAISOMEKI, TIKETI ZINAFIFIA

QR, ule msimbo wa miraba unaosomwa na kamera, hushindwa kusomwa kwa sababu tatu: kichwa kichafu, ukolezo mkubwa mno hadi vijiraba (miraba yake midogo) vinashikana, au vijiraba vidogo mno. Wengi huongeza weusi, na hapo ndipo wanapoharibu. Kila kijiraba kiwe na angalau nukta 3, bora 4, yaani nusu milimita. Kwenye karatasi ya milimita 58, punguza maneno yaliyomo ndani ya QR badala ya kuiminya.

Abiria anayerudi na tiketi nyeusi aliiacha kwenye dashibodi. Anayerudi na tupu labda aliiweka nyuma ya kava la plastiki la simu, ambapo kemikali za plastiki huila. Mwambie apige picha. Kwa risiti za biashara hili ni zito zaidi, maana kumbukumbu za kodi Tanzania na Kenya hutakiwa zitunzwe miaka 5. Toa fotokopi au uzichanganue mapema, na uhifadhi asili kwenye bahasha za karatasi, mbali na gundi, jua na joto.

MATUNZO

Safisha kichwa kila unapomaliza roli tano hivi. Stendi yenye vumbi, kila unapobadilisha roli. Funika printa usiku, lakini siyo ikiwa bado ya moto. Palipo na umeme unaopanda na kushuka, au jenereta, weka kidhibiti umeme. Kichwa cha printa nzuri hutengenezwa kwa kilomita 100 hadi 150 za karatasi na kisu kwa mikato milioni 1 au zaidi. Kikifa mapema zaidi ya hapo, tafuta sababu kwenye karatasi na umeme kabla hujaweka kipya. Akiba ya kuwa nayo dirishani ni roli zilizofungwa, adapta moja ya pili ya aina ileile, waya mmoja wa USB na kichupa cha isopropili.

MAHALI PA KUACHA

Zima, chomoa, umwite fundi ukiona moshi au harufu ya kuungua, maji au soda iliyomwagikia ndani, cheche kwenye soketi, kisu kilichotoka na kukataa kurudi hata kwa gurudumu, au giya zinazosaga. Adapta usiifungue kabisa; ndani yake umeme hubaki hata ikiwa imechomolewa.

EFD ina sheria zake. Mashine hizi, zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010, zina kumbukumbu ya kodi iliyofungwa kwa lakiri, na kuifungua bila idhini ni kosa. Unachoruhusiwa ni kile kinachofanyika kupitia mlango wa karatasi: kubadilisha roli, kusafisha kichwa na rola, kufuta sensa, kuchaji. Skrubu ni za fundi wa msambazaji aliyeidhinishwa na TRA, mamlaka ya mapato, peke yake. Kenya nako, vifaa vilivyofungwa lakiri vya KRA, mamlaka ya mapato ya huko, usivifungue. Ila kama unatoa ankara kwa programu ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kodi, printa iliyounganishwa ni ya kawaida na yote yaliyoandikwa hapa yanaihusu. EFD ikigoma, toa taarifa TRA na kwa msambazaji siku hiyohiyo, uandike saa iliyogoma na uihifadhi taarifa hiyo. Kama bado inawaka, toa ripoti ya Z, ile ya kufunga mauzo ya siku, kabla ya kuikabidhi.